Wigi la Mgonjwa: Kuchagua Nywele Bandia Wakati wa Matibabu ya Saratani

Mgonjwa wa saratani anapoelezwa kwa mara ya kwanza kuhusu tibakemikali, ambayo wengi huiita kemo, husikia mambo mengi kwa mkupuo: idadi ya mizunguko ya dawa, kichefuchefu, vipimo vya damu, tarehe za kurudi kliniki. Katikati ya hayo huambiwa kwamba nywele zitanyonyoka. Mtoa huduma hulitaja jambo hilo kwa sentensi moja, kwa kuwa halihatarishi maisha, kisha huendelea na yaliyo mazito zaidi. Mgonjwa, aghalabu, hubaki kwenye sentensi ile.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kichwa cha mwanamke mzima kilichonyolewa husomwa kabla mwenyewe hajafungua kinywa: kuna msiba, au kuna ugonjwa. Nywele zikianguka, na nyusi zikazifuata, siri ya maradhi huwa haiko tena mikononi mwa mgonjwa. Jirani hujua, mwajiri hujua, mteja wa genge hujua na pengine huacha kununua. Wapo wagonjwa wanaosita kuanza tiba kwa ajili ya jambo hili, na wapo wanaoitumia fedha ya nauli ya mzunguko unaofuata kununua wigi ambalo baada ya wiki tatu limekakamaa kama katani. Ndiyo maana uchaguzi wa wigi, ingawa kwa nje unafanana na habari za urembo, una nafasi yake katika chumba cha ushauri, iwe ni Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi au kwingineko ambako tiba hii hutolewa.

Nywele hunyonyoka lini, na kwa muda gani

Dawa nyingi za saratani hushambulia chembe zinazogawanyika kwa kasi. Chembe za uvimbe ndizo zinazolengwa, lakini zile zilizo kwenye shina la unywele nazo hugawanyika kwa kasi, na wakati wowote takriban nywele 9 kati ya kila 10 kichwani huwa katika hatua ya kukua. Dawa haiwezi kuzitofautisha. Hata hivyo, dawa zote si sawa. Doksorubisini, siklofosfamidi, paklitakseli na dosetakseli hunyonyoa sana. Fluorourasili kwa kawaida huzipunguza tu, na mgonjwa anayeitumia huenda asihitaji wigi kabisa. Tiba ya mionzi hunyonyoa nywele za mahali palipopigwa mionzi peke yake: mwanamke anayepigwa mionzi ya titi au ya shingo ya kizazi hatapoteza nywele za kichwa kwa sababu ya mionzi hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza si la dukani, bali ni la kliniki: je, dawa nitakazopewa mimi zinanyonyoa nywele, na kwa kiasi gani? Kuna fedha nyingi zinazookolewa na swali hili moja.

Kunyonyoka huanza kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 3 baada ya dozi ya kwanza. Nywele hutoka kwa mafungu, kwenye mto, kwenye kitana, wakati wa kuoga, na ngozi ya kichwa huweza kuuma au kuwasha siku chache kabla. Dirisha hilo la wiki mbili ndilo la kufanyia maandalizi. Mgonjwa bado ana nywele zake za kuonyesha rangi na mtindo, bado ana nguvu za kutembea madukani, na msusi wake anayemfahamu anaweza kumshauri. Akisubiri mpaka kichwa kiwe wazi, atanunua kwa haraka, na haraka ya mnunuzi ni neema ya muuzaji.

Muda wa kulihitaji wigi nao unahesabika. Mpango wa mizunguko 6 inayotolewa kila baada ya siku 21 huchukua takriban miezi mitatu na nusu tangu dozi ya kwanza hadi ya mwisho. Nywele huanza kurudi ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu baada ya hapo, nazo hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Mgonjwa wa namna hiyo atahitaji kifuniko cha kichwa kwa miezi minane hadi kumi na miwili, kutegemea ni nywele fupi kiasi gani anazoridhika kutoka nazo nje. Hesabu hii ndiyo ya kuiweka mezani kabla ya kutaja bei.

Nyuzi

Wigi hutengenezwa kwa nywele za binadamu, kwa nyuzi za kiwandani, au kwa mchanganyiko wa vyote viwili. Nyuzi za kiwandani zilizozoeleka ni za jamii ya akriliki, kama zile zinazojulikana kwa jina la Kanekalon, ambazo wasusi wa rasta wanazifahamu vyema, na nyingine ni za poliesta iliyotengenezwa kustahimili joto. Wigi la nyuzi ni jepesi, bei yake ni nafuu, na mtindo wake haupotei kwa kuoshwa: likikauka hurudi lilivyokuwa. Udhaifu wake ni kwamba hung'aa kupita kiasi juani, halipendi pasi ya nywele, na likivaliwa kila siku huchakaa ndani ya miezi mitatu hadi sita, hasa ncha zinazosugua mabega na kola ya nguo.

Wigi la nywele za binadamu hudumu mwaka mmoja au zaidi likitunzwa, na huweza kutengenezwa mtindo kama nywele za kichwani. Lakini lina kazi. Kila likioshwa lazima lipangwe upya, na mgonjwa aliyelala siku nne baada ya dozi hana mikono ya kazi hiyo. Kwa mgonjwa wa miezi tisa, mawigi mawili mafupi ya nyuzi, moja likivaliwa huku jingine likikauka, mara nyingi ni uamuzi wa busara kuliko wigi moja la nywele za binadamu lililomaliza akiba. Kwa mwenye upotevu wa nywele usio na mwisho unaojulikana, kama ule ambao kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele na kuacha mabaka matupu kichwani, hesabu huweza kuelekea upande wa pili.

Neno "nywele za binadamu" kwenye mfuko halitoshi. Sehemu kubwa ya nywele zinazouzwa duniani hutoka India, na chanzo chake mashuhuri ni hekalu la Tirumala katika jimbo la Andhra Pradesh, ambako mahujaji hunyoa vichwa kama sadaka na hekalu huziuza nywele hizo kwa mnada. Viwanda vingi vya kuzishona viko China, hasa katika mji wa Xuchang mkoani Henan. Unywele umefunikwa na magamba madogo sana yaliyopangana kama vigae vya paa, yakielekea nchani. Nywele zilizokatwa kwa fungu moja, mizizi upande huu na ncha upande ule, hubaki na magamba yanayoelekea upande mmoja na huteleza bila kushikana. Wafanyabiashara huziita "Remy". Zilizookotwa sakafuni mwa saluni au kutolewa kwenye vitana zimegeukiana, na magamba yake hushikana kama mbegu za kishona nguo. Ili ziuzike, huoshwa kwa tindikali inayoyaondoa magamba, kisha hupakwa silikoni ili zing'ae. Dukani zinapendeza hata kuliko zile nzuri. Baada ya kuoshwa mara chache silikoni huondoka, na mnunuzi hubaki na fundo.

Majaribio yako kadhaa, na hakuna lililo kamili. Shika nywele chache, uzipitishe kati ya vidole viwili kutoka kwenye mzizi kwenda nchani, kisha urudi juu. Nywele zenye magamba yake huteleza zikishuka na hukwaruza kidogo zikipanda. Zisizonayo huteleza kote kote kama plastiki. Tazama pia ncha: fungu la nywele halisi lina nywele chache fupi ndani yake, na weusi wake haulingani kabisa kila mahali. Jaribio la moto ni la zamani na linafanya kazi: nyuzi mbili tatu zilizochomolewa sehemu tofauti za wigi, zikashikwa kwa kibano juu ya sahani ya bati. Nywele huungua na kunuka kama manyoya ya kuku yaliyobabuliwa na kuacha majivu yanayopukutika. Nyuzi za kiwandani husinyaa, huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Lakini nywele za wanyama nazo huungua vilevile, na jaribio halisemi lolote kuhusu tindikali wala silikoni. Muuzaji anayekataa nyuzi mbili zisijaribiwe amekwisha kujibu swali.

Ndani ya wigi

Mnunuzi wa kawaida hutazama nje. Mgonjwa anapaswa kuligeuza wigi ndani nje, kwa kuwa hapo ndipo kichwa chake kitakapokaa saa kumi kwa siku.

Mawigi mengi ya sokoni yamekusudiwa mtu mwenye nywele zake, zilizosukwa mistari kwa mtindo wa twende kilioni au mwingine wa kulala bapa. Ndani mna mistari ya nyuzi iliyoshonwa kwa mashine, mishono migumu, na vichana vidogo vya chuma vya kushikilia nywele. Juu ya kichwa kitupu kilicholainishwa na dawa, mishono hiyo hukwaruza na vichana havina cha kushika isipokuwa ngozi. Vichana vinafumulika kwa mkasi mdogo, na fundi cherehani anaweza kushonea kitambaa laini cha pamba juu ya mishono. Kazi hiyo ni ya muda mfupi tu, na huligeuza wigi la bei ya chini kuwa la kuvalika. Bora zaidi ni wigi ambalo sehemu ya juu imetengenezwa kwa wavu mwembamba uliofungwa nywele mojamoja kwa mkono. Njia ya nywele huonekana kama ngozi, na wavu hupitisha hewa. Kati ya kichwa na wigi huvaliwa kikofia chepesi cha pamba, na utepe wa mahameli kuzunguka paji la uso hulizuia wigi lisiteleze.

Kipimo huchukuliwa kwa futi ya fundi cherehani, kuzunguka kichwa: juu ya paji la uso pale nywele zinapoanzia, juu kidogo ya masikio, hadi kisogoni chini. Wanawake wengi wazima huwa kati ya sentimita 54 na 57. Nywele zikishaondoka, kichwa hupungua kidogo, hivyo wigi lililobana vizuri kabla ya dozi huweza kulegea baadaye. Mikanda ya kurekebisha iliyo kisogoni si pambo. Wigi la kufaa halisogei mgonjwa anapoinama kuokota kitu, wala haliachi alama nyekundu kwenye paji la uso.

Juu ya ujazo wa nywele, maduka huandika asilimia: 130, 150, 180. Kadiri namba inavyopanda ndivyo wigi linavyokuwa zito na la moto, na katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi Februari, 180 ni adhabu. Namba ya chini hufanana zaidi na kichwa cha kawaida. Vilevile urefu: wigi la kufika mabegani au fupi zaidi halifungamani kwa jasho la shingo na hudumu zaidi. Katika rangi, namba 1 ni nyeusi ya wino na 1B ni nyeusi iliyopungua kidogo, ambayo ndiyo inayokaribia nywele za Waafrika wengi. Kwa mwenye uso uliofifia kwa ugonjwa, nyeusi ya wino humzidishia weupe wa maradhi. Lesi ya mbele nayo mara nyingi huletwa ikiwa na rangi ya ngozi nyeupe. Wasusi wengi huichovya katika chai ya rangi mpaka ikubaliane na ngozi ya mvaaji, na kwa kweli hakuna ufundi wa bei nafuu kuupita huo.

Gundi, na hatari nyingine ambazo duka halizitaji

Hapa ushauri wa kliniki hutofautiana na wa saluni. Mtindo wa sasa ni kulibandika wigi la lesi kwa gundi ili lidumu wiki nzima. Kwa mgonjwa aliye kwenye tibakemikali, gundi isitumike. Chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na wakati huo mchubuko mdogo pembeni mwa paji la uso ni mlango uliofunguliwa kwa vijidudu. Baadhi ya gundi zina mpira asilia unaosababisha mzio, na vimiminika vya kuibandua hukausha na kuchubua ngozi. Mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi katika kipindi hiki, aende hospitali saa hiyo hiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki. Na muuguzi anapomchunguza akitafuta chanzo, amwombe kwa staha avue wigi. Vipele vyenye usaha chini ya wigi vimefichika kwa kila mtu, mgonjwa mwenyewe akiwamo.

Wembe wa kinyozi ni hatari ya namna hiyo hiyo. Wengi huchagua kunyoa nywele zinapoanza kutoka, na ni uamuzi mzuri kwa sababu huondoa maumivu ya kuziona zikianguka kidogo kidogo. Inyolewe kwa mashine safi ya mgonjwa mwenyewe, ikiacha kipande kifupi, si kwa wembe wa kukwangua hadi kwenye ngozi.

Wigi la kuazima au la mitumba huoshwa na kukaushwa kabisa kabla ya kugusa kichwa, na hata wigi jipya huoshwa mara ya kwanza kabla ya kuvaliwa, kwa kuwa dawa zilizopakwa kiwandani huwasha baadhi ya ngozi. Mwenye mapunye, vidonda au ngozi iliyo mbichi kwa mionzi ya kichwa asivae wigi mpaka apone. Kitambaa laini cha pamba kinamtosha. Na kwa yule ambaye hana saratani, bali nywele za pembeni zimekimbia kwa kusuka kwa kukaza, wigi la kubandika au la kushonea huongeza mvuto uleule uliomfikisha hapo. Anayehitaji wigi la namna hiyo avae la kuvua kila jioni.

Hatari ya mwisho ni ya jikoni. Mwanamke anayeinama juu ya jiko la mkaa kupuliza moto, au anayefunua sufuria linalotokota, akiwa na wigi la nyuzi, huweza kuziona nywele za mbele zikisinyaa kwa sekunde moja, na cheche ikidondoka nyuzi zinazoyeyuka hugandia ngozi. Mgonjwa avue wigi kabla ya kupika na afunge kilemba cha pamba. Washauri wengi hulisahau jambo hili, pengine kwa kuwa vipeperushi vingi vya mawigi vimeandikwa katika nchi ambako hakuna anayepuliza mkaa.

Kuosha si kugumu. Wigi la nyuzi linalovaliwa kila siku huoshwa baada ya kuvaliwa mara nane hadi kumi, na mapema zaidi wakati wa joto: hupitishwa kitana chenye meno mapana kuanzia nchani, huchovywa katika maji ya baridi yenye shampuu kidogo, husuuzwa, hukamuliwa kwa taulo bila kusokotwa, kisha huachwa likauke kivulini juu ya chupa au kopo lenye ukubwa wa kichwa. Draya ya moto haihusiki.

Anayechagua, na asiyetaka

Wigi si lazima. Kwa wanawake wengi wa pwani ushungi umekuwa ukifunika kichwa maisha yote, na kinachohitajika ni kikofia laini cha ndani tu. Wengine huona khanga au kitenge kilichofungwa vizuri kina heshima kuliko nywele za kununua. Wapo Waislamu wanaojizuia kuunganisha nywele za mtu mwingine na zao, na mtoa huduma asidhani: aulize mgonjwa anapendelea nini, na akitaka kuongea na kiongozi wake wa dini kwanza, apewe nafasi. Wanaume huambiwa kwamba wao haliwahusu, kwa kuwa upara wao ni wa kawaida. Lakini mwanaume aliyepoteza nyusi na kope haonekani mwenye upara, huonekana mgonjwa, na penseli ya nyusi au miwani yenye fremu nene humfaa kuliko kofia. Watoto, kwa uzoefu wa wodi nyingi, hulichoka wigi kwa siku mbili na kulitupia chini ya kitanda. Kofia yenye picha waipendayo huwatosha, na mlezi asiwalazimishe kwa sababu ya aibu yake mwenyewe.

Muuguzi anayezungumza na mgonjwa kabla ya dozi ya kwanza ana maswali machache tu ya kuuliza: nani nyumbani anajua, kazi yake ni ya kukutana na watu kiasi gani, ana fedha kiasi gani baada ya kuondoa nauli, vipimo na chakula cha miezi yote ya tiba. Swali la mwisho liulizwe bila kigugumizi. Wigi hununuliwa kwa kile kinachobaki, na kama hakibaki kitu, kitambaa cha pamba cha mita moja na nusu na mtu wa kumfundisha kukifunga ni msaada wa kweli.

Nywele zinaporudi, zisimshangaze mwenyewe. Huweza kuja laini kama za mtoto mchanga, au zenye mvi, au zenye mikunjo tofauti na ya awali, kisha taratibu zikarudi zilivyokuwa. Kwa wachache, hasa baada ya dosetakseli au mionzi mikali ya kichwa, hazirudi zote. Dawa za kulainisha nywele na rangi za kemikali zisubiri takriban miezi sita, na kusuka kwa kukaza kusubiri zaidi ya hapo. Wigi lililobaki likiwa zima huoshwa, likakaushwa na kufungwa katika mfuko safi, likapelekwa kliniki kwa muuguzi, kwa kuwa mgonjwa mwingine anayeanza mzunguko wake wa kwanza huenda hana uwezo wa kulinunua.